Usiniambie ni Core i7, niambie ni kizazi cha ngapi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya bure ya usalama. Kariakoo hakuna duka lililofunga kwa sababu hiyo. Mashine ziliwashwa asubuhi kama kawaida, mawinga waliendelea kuwavuta wateja, na vile vibandiko vya "Windows 10 Pro, Office 2019 imo" havikubanduliwa, ingawa Office 2019 nayo ilifikia kikomo siku hiyohiyo. Kompyuta haizimiki eti kwa kuwa aliyetengeneza programu kaacha kuitunza. Ndiyo maana habari hii ilipita kwetu kimyakimya, wakati kwa soko la laptopu zilizotumika ni habari kubwa kuliko iPhone yoyote itakayotoka.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu hatununui laptopu mpya. Tunanunua mashine ambazo kampuni za Ulaya na Marekani zilizikodi kwa miaka mitatu minne kwa ajili ya wafanyakazi wao, zikarudishwa, zikauzwa kwa jumla, nyingine zikapitia Dubai, na mwisho zikatua mezani kwetu kwa jina la "UK used", au "ex-UK" kama wanavyosema wenzetu wa Nairobi pale Moi Avenue. Kwenye meza hiyo kuna mstari usioonekana. Upande mmoja kuna mashine zenye miaka kadhaa mbele yake. Upande wa pili kuna mashine ambazo Microsoft imeshazifuta kwenye hesabu. Zimepangwa bega kwa bega, zinang'aa sawasawa, na mara nyingi bei zinakaribiana. Mstari wenyewe ni kizazi cha prosesa, yaani ile chipu kuu ya kompyuta ni ya toleo la ngapi.

Namba ya kwanza baada ya kistari

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wa kuzuia programu ngeni mashine inapowaka), RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane au AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Masharti mengine yote, laptopu ya kiofisi ya mwaka 2017 inayatimiza bila shida. Ni hilo la prosesa lililokata watu. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingekosa njia rasmi ya kuhamia Windows 11. Microsoft ililegeza kidogo kwa prosesa chache za kizazi cha saba, mojawapo i7-7820HQ, ambayo ndiyo iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2 waliyoitengeneza wenyewe. Hapo sina la kuongeza.

Lakini hata Microsoft isingechora mstari, mimi ningeuchora palepale kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye prosesa za laptopu nyembamba, zile zenye herufi U mwishoni, Intel ilikaa miaka na kori mbili, yaani vichwa viwili vya kufanya kazi. Ilipofika kizazi cha nane, mwaka 2017, ikaweka nne. Chukua i5-7200U: kori mbili, nyuzi nne (kazi nne kwa wakati mmoja). Mrithi wake i5-8250U ana kori nne na nyuzi nane, kwa wati zilezile 15. Sasa tazama i7-7600U. Ni Core i7 halali kabisa, ina stika yake pembeni ya kibodi, na kori zake ni mbili tu. Ukihariri video, ukifungua tabo nyingi za Chrome huku kikao cha Zoom kinaendelea, au ukikompaili programu unayoiandika, i5 ya kizazi cha nane inaiacha i7 hiyo ya kizazi cha saba mbali sana. Halafu dukani ile i7 ndiyo inayotajwa kwanza.

"Boss wangu, chukua hii. Core i7, Windows 11 imo, UK used, haijaguswa."

"Ya kizazi cha ngapi?"

"Cha sita, boss, lakini si unaona ni i7? Wenzako wanachukua i5."

Mazungumzo ya namna hii yanajirudia karibu kila ukipita, na winga wala hadanganyi. Windows 11 imo kweli. Ila kwenye mashine ya kizazi cha sita imeingizwa kwa flashi iliyoandaliwa na Rufus, programu ndogo ya bure inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa wakati wa kupiga Windows. Itafanya kazi, na masasisho ya kila mwezi kwa kawaida yanaingia. Yale makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, unayasukuma kwa mkono kila mara, na siku yoyote Microsoft inaweza kufunga mlango. Si nadharia: toleo la 24H2 lilianza kudai maagizo ya prosesa yaitwayo SSE4.2, na zile Core 2 Duo za zamani ambazo watu walikuwa wamezilazimisha zikagoma kuwaka kabisa. Kwa hiyo kuona nembo ya Windows 11 kwenye skrini hakukuambii chochote kuhusu mashine. Kunakuambia tu kwamba fundi ana flashi.

Kusoma namba si kazi. i5-8350U: tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, kizazi cha nane. i5-10310U: ni kumi. i5-1135G7 inawachanganya wengi kwa sababu wanaona 1 na kudhani ni ya kale, kumbe ni kizazi cha kumi na moja. Kwa majina ya modeli: ThinkPad T470 kwa kawaida ni ya saba, T480 kwa kawaida ya nane. Dell Latitude 7480 iko nyuma ya mstari, 7490 kwa kawaida iko mbele. HP EliteBook 840 G3 ni ya sita, G4 ya saba, G5 ya nane. Hapa kwenye G5 kaa macho: HP waliiuza pia na prosesa za kizazi cha saba, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ingia mwenyewe kwenye BIOS, menyu ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza kitufe mashine inapowaka (F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad) usome jina la prosesa hapo. Kibandiko cha nje hubandikwa na yeyote.

T480, na kwa nini watu wanaing'ang'ania

Kila mpenzi wa vifaa ana mashine anayoisifu mpaka marafiki wanamkimbia. Yangu ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Si nzuri kwa sura. Ni nene, nyeusi, na matoleo mengi ya bei nafuu yalikuja na skrini ya 1366 kwa 768 yenye rangi zilizofifia, ambayo ukiiangalia kwa pembeni kidogo maandishi yanageuka kivuli. (Ukiiona hiyo dukani, dai ya 1920 kwa 1080 au shusha bei.) Lakini ni moja ya mashine za mwisho za ukubwa wake zilizotengenezwa kana kwamba mwenye mali ana haki ya kuifungua.

Unaanza kwenye BIOS, kwenye menyu ya Power, unachagua kuzima betri ya ndani. Mashine inajizima papo hapo. Unaigeuza, unachomoa betri ya nyuma kwa kusukuma vilachi viwili, halafu unalegeza skrubu za kifuniko. Hazidondoki, zinabaki zimening'inia kwenye kifuniko chenyewe, kwa hiyo hutambai chini ya meza kutafuta skrubu iliyopotea. Kisha unapitisha kadi ya plastiki, hata ya SIM iliyobaki, kuzunguka ukingo. Vishikizo vinaachia kimoja baada ya kingine kwa mlio unaotisha mara ya kwanza. Ndani, kila kitu kiko wazi: sloti mbili za RAM, kadi ya Wi-Fi, feni na bomba lake la shaba, betri ndogo ya ndani, na kijisanduku cha SSD, yaani diski. Kikiwa na SSD ya NVMe, ile aina ya kasi, kinapitisha njia mbili tu za data (PCIe) badala ya nne, kwa hiyo usilipie SSD ya kasi ya juu. Mashine haitaitumia kasi hiyo.

Betri ndiyo hadithi tamu zaidi. T480 ina mbili: ya ndani ya Wh (wati-saa) 24, na ya nyuma unayoichomoa, ambayo ipo ya Wh 24, 48 au 72. Kwa kuwa ya ndani inashikilia mashine hai, unaweza kuchomoa ya nyuma iliyokwisha na kuchomeka nyingine iliyojaa bila kuzima kitu. Lenovo waliiita Power Bridge. Kwa mtu anayeishi na mgao wa umeme hilo peke yake linatosha kuamua, na juu yake inachajiwa kwa USB-C, yaani chaja nzuri ya simu ya wati 45 au 65, au pawabenki inayotoa USB-C ya nguvu hiyo, inafanya kazi.

Ina ugonjwa wake pia, na usiponiuliza nitakuambia. Programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt (inayoendesha mlango wa USB-C wa kasi) kwenye ThinkPad za miaka ile ilikuwa na hitilafu iliyoweza kuua mlango wa USB-C taratibu: leo haipeleki picha kwenye televisheni, kesho haichaji. Lenovo walitoa marekebisho mwaka 2019 na kuyaita muhimu sana. Mashine nyingi zilizofika huku zilitoka ofisini bila kusasishwa, kwa hiyo kabla ya kulipa chomeka chaja kwenye milango yote miwili ya USB-C, mmoja baada ya mwingine. Ikiwa yote inachaji, ukifika nyumbani kazi ya kwanza ni kusasisha Thunderbolt, kabla hata ya kubadilisha picha ya ukutani.

Wale wanaopenda kwenda ndani zaidi wanajua kwamba tangu mwisho wa 2024 mradi wa Libreboot unaikubali T480, yaani unaweza kuondoa BIOS ya kiwandani na kuweka ya chanzo huria. Mimi hiyo naiacha kwa wenye roho ngumu na kifaa cha kuprogramu chipu. Ila inakuonyesha mashine ya mwaka 2018 bado ina watu wanaoikesha.

Linganisha na ndugu zake. T480s, ile nyembamba, ina RAM moja iliyochomelewa kwenye mazabodi na sloti moja. T490 iliyofuata 2019 vivyo hivyo, na betri ya kuchomoa ikaondoka. X280 na X1 Carbon zimechomelewa yote: ukinunua ya GB 8, utazikwa na GB 8. Zinapendeza mkononi, nakubali, na ukibeba begi kwenye mwendokasi kila siku utaona tofauti ya uzito. Lakini miaka miwili iliyopita hiyo GB 8 ilikuwa usumbufu mdogo. Sasa hivi ni suala jingine.

RAM imekuwa dhahabu, na si utani

Habari kubwa ya pili ya mwaka 2025 kwa wapenda vifaa haikuwa bidhaa yoyote mpya. Ilikuwa bei ya RAM. Chipu za kumbukumbu duniani zinatoka zaidi kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Zote tatu zimegeuzia viwanda vyake kwenye kumbukumbu za seva na zile za HBM zinazowekwa pembeni ya chipu za akili bandia, kwa sababu huko ndiko wanunuzi wanakolipa bila kuuliza. HBM inakula sehemu kubwa zaidi ya kaki ya silikoni (sahani inayokatwa kuwa chipu) kwa kila GB kuliko RAM ya kawaida, kwa hiyo kila kaki inayoenda kwenye akili bandia inatuondolea sisi RAM nyingi zaidi ya ile inayozalisha. DDR4, aina ya RAM inayotumiwa na karibu kila laptopu tunayoizungumzia hapa, ilikuwa tayari kwenye orodha ya kusitishwa. Kuelekea mwisho wa mwaka bei zilikuwa zinapanda wiki kwa wiki.

Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inafunga Crucial, chapa yake ya RAM na SSD za watu wa kawaida iliyokuwepo tangu 1996. Kama umewahi kuongeza RAM kwenye laptopu, kuna uwezekano mkubwa umeshika ile pakiti. Mwezi huohuo Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyojengewa jina kwa kuwa rahisi, iliongeza bei za matoleo yake kadhaa na kutaja gharama ya kumbukumbu kuwa sababu. Ukiona Raspberry Pi inapandisha bei, ujue si tamaa ya muuzaji mmoja wa Kariakoo.

Hili linabadilisha namna ya kununua. Zamani ushauri wangu ulikuwa: nunua mashine nzuri yenye RAM ndogo, shusha bei, halafu ongeza mwenyewe. Leo nasema kinyume. Nunua yenye RAM tayari, kwa sababu anayekuuzia mara nyingi anapanga bei kwa kuangalia prosesa na sura, wakati GB 16 zilizomo ndani zina thamani yake peke yake. Na angalia zimekaaje. Kijiti kimoja cha GB 16 kinakuachia sloti wazi. Viwili vya GB 8 vinaipa prosesa njia mbili za kusoma kumbukumbu kwa pamoja, na kwa kuwa UHD 620, sehemu ya prosesa hizi inayochora picha, inatumia RAM hiyohiyo, utaliona hilo kwenye michezo midogo na kwenye video. Kwa matumizi ya kawaida nachukua viwili. Kwa anayepanga kufika GB 32 siku moja, kimoja.

Na usishangae ukikuta mashine "haijaguswa" ina vijiti viwili vya kampuni tofauti. Imeguswa. Kuna mtu aliyenyofoa kikubwa akauza pembeni na kuacha vidogo. Si dhambi, ni biashara, lakini inakupa sauti wakati wa kupatana. Vilevile ile laptopu yako iliyokufa mazabodi, iliyolala juu ya kabati, kama ni ya DDR4 ifungue leo. Vijiti vyake vitaingia kwenye T480, kwenye 840 G5 na kwenye Latitude 5490 bila maswali.

Kabla hujatoa hela

Kununua mashine iliyotumika bila kuichungulia ndani ni kununua gari bila kufungua boneti. Kupima hakuchukui hata nusu saa, na muuzaji mwaminifu atakupa kiti.

La kwanza kabisa, kufuli. Mashine za makampuni zinakuja na kufuli za makampuni. Ukiingia BIOS ikaomba nenosiri, rudisha. Kwenye ThinkPad kuondoa betri ndogo ya saa hakufuti nenosiri la msimamizi, tofauti na hadithi za vijiweni. La pili linawakamata hata wajuzi: Autopilot. Mashine imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni iliyoiuza, na usajili huo hauko kwenye diski, uko kwa Microsoft. Utaitumia vizuri miezi yote. Siku utakapopiga Windows upya na kuunganisha intaneti wakati wa kuanzisha, itakukaribisha kwa jina la kampuni fulani ya mbali na kudai barua pepe ya kazini. Njia ya kujua mapema ni kuomba mashine ianzishwe upya kabisa mbele yako, ikiwa imeunganishwa na Wi-Fi au bando lako mwenyewe. Wengi watakunja uso. Kaa hapohapo.

Betri usiamini asilimia ya pembeni. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili litakalotengenezwa. Kuna mistari miwili: uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Kama wa kwanza ni mWh 24,000 na wa pili 11,000, umenunua nusu betri. SSD unaipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure unayoweza kutembea nayo kwenye flashi. Kibodi fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, pamoja na vile usivyovitumia. Spika, kamera, milango, na bawaba: ifungue kwa mkono mmoja, itikise kidogo, sikiliza.

Halafu kuna jambo la leseni, linaloniudhi kwa sababu ni fedheha ya bure. Laptopu nyingi za kiofisi tangu enzi za Windows 8 zina ufunguo wa Windows Pro uliohifadhiwa ndani ya BIOS. Ukipiga Windows safi, iliyopakuliwa Microsoft, ikaunganishwa na intaneti, inajisajili yenyewe bila kukuuliza. Ni halali na imeshalipiwa na yule wa kwanza. Lakini mafundi wengi wana mazoea ya kupiga Windows iliyochakachuliwa na kuiwekea programu ya kuvunja leseni ambayo kwanza inakuambia zima antivairasi. Mashine yenye ufunguo halali tumboni inatembea na mwizi ndani yake kwa sababu tu hakuna aliyejaribu njia ya kawaida. Kama mashine yako ilipigwa Windows mtaani, ipige tena mwenyewe.

Na kama tayari unayo ya kizazi cha saba?

Usiitupe, na usikubali kuambiwa ni takataka. Una njia tatu, na sizipendi sawa.

Ya kwanza ni kununua muda. Microsoft inatoa masasisho ya usalama ya ziada kwa Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Bei ni dola 30, zaidi ya elfu sabini ya kwetu, lakini unaipata bure ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti ya Microsoft. Lazima uwe kwenye toleo la 22H2. Kwa mtu mwenye kazi za kumaliza kabla ya tarehe hiyo, fanya hilo kisha lala. Ya pili ni Rufus, niliyoshaisema. Kwa mashine ya nyumbani inayotazama YouTube, sawa. Kwa mashine inayoingia benki na kulipa kodi, nisingeiweka.

Ya tatu ni Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na hapa naomba nisionekane mhubiri. Toleo la 22 lina masasisho hadi 2029, unalijaribu kwa flashi ya GB 8 bila kugusa diski, na kwenye ThinkPad vitu vya msingi vinakubali mara ya kwanza: Wi-Fi, sauti, vitufe vya mwanga. Kwa mwanafunzi anayetumia kivinjari na kuandika ripoti kwa LibreOffice, sioni sababu ya kubaki Windows. Pagumu ni pale penye programu moja isiyo na mbadala.

Mfano ninaouona kila wiki ni steshenari ya mtaani kwetu. Dada pale anatengeneza kadi za michango, ratiba za misa, vyeti vya shule za awali na stika za maandazi, vyote kwa Microsoft Publisher. Ana mafaili ya miaka mingi kwenye folda moja iitwayo "KAZI MPYA". Nilipomwonyesha Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, kwenye Mint alibofya mara mbili tatu, akauliza maua yako wapi, akarudi kwenye foleni ya wateja. Ana haki. Lakini Publisher yenyewe Microsoft inaizika Oktoba 2026, na baada ya hapo hata walio kwenye Microsoft 365 hawatakuwa nayo. Kwake yeye kizazi cha prosesa si tatizo kubwa kama hiyo folda. Tumekubaliana kwamba kazi zinazorudi mara kwa mara anazihifadhi pia kama PDF, na kadi mpya anaanza kuzichora Canva siku ambazo bando linaruhusu. Maua anayo huko, mengi kuliko anavyohitaji.

Zinazokuja

Mwaka 2024 Lenovo walifanya jambo ambalo sikulitegemea. ThinkPad T14 Gen 5 ilitoka na sloti mbili za RAM tena, betri inayobadilishwa kirahisi, na alama 9 kati ya 10 kutoka kwa iFixit, wataalamu wa kupima urahisi wa kutengeneza vifaa, ambao Lenovo waliwaita kushauri tangu mwanzo wa usanifu. Baada ya miaka ya kuchomelea kila kitu, wamerudi walikotoka. Ukijumlisha miaka mitatu minne ya kukodishwa ofisini, naanza kuzitegemea mezani kwetu kuanzia 2027 na 2028.

Zinatumia DDR5, kwa hiyo vijiti vyetu vya DDR4 havitaingia, na nani ajuaye RAM itakuwa bei gani wakati huo. Zikianza kufika nitauliza swali lilelile la kizazi, na safari hii jibu litakuwa gumu kidogo, kwa sababu Intel waliachana na hesabu ya zamani na sasa wanaandika Core Ultra 5 135U au 125U. Wa kwanza atakayeniambia "boss, hii ni Ultra" nitamwomba bisibisi.